Muuza mchele arudi darasani akiwa na miaka 47

SIKU ya kwanza alikaa dawati la nyuma kabisa, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Wenzake, wengi wao wa umri wa kitinda mimba wake, walimwamkia “shikamoo” kisha wakamuuliza kama amekuja kumwona mtoto.

Mama huyu, mkulima na muuza mchele wa Bonde la Kilombero, Morogoro, ambaye ameomba jina lake lisiandikwe, aliishia darasa la saba. Akiwa na miaka 47 alijiunga na kozi fupi ya ujasiriamali na utunzaji wa hesabu katika chuo cha maendeleo ya wananchi.

Hofu yake haikuwa masomo bali msimu. Kozi ilianza Julai, mpunga umetoka shambani na bei iko chini. Mwenye subira huuweka ghalani hadi Januari au Februari. Yeye aliuza magunia sita mapema ili alipe ada, na mumewe akanuna wiki nzima.

Wiki ya tatu mwalimu aliwataka waandike gharama zote za safari moja ya biashara. Akaandika: mpunga, magunia, kukoboa, ushuru, lori, nauli, chakula, kulala Dar es Salaam. Kumbe miaka yote alikuwa akihesabu mpunga na lori tu! Safari aliyoiona ya faida ilikuwa imekula mtaji, na pengo likazibwa na ndizi za shambani bila yeye kujua. Zaidi ya hapo, pumba alikuwa akiziacha mashineni bure, huku wafugaji wa kuku wakizinunua palepale. Sasa anazibeba na kuziuza mwenyewe.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden, miaka mitano baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Vimeenea mikoani, na havikujengwa kwa ajili ya vijana peke yao. Fundi aliyejifunza kazi mtaani naye anaweza kupimwa na VETA na kupewa cheti cha ujuzi alio nao. Anayetaka shahada bila kuhama nyumbani, kipo Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992.

Kwa mkulima, kabla ya kuchukua fomu, uliza kozi inaanza na kuisha lini, kisha ulinganishe na palizi na mavuno yako. Wengi huacha masomo katikati si kwa uzito wa kichwa, bali kwa sababu shamba limewaita.

Mama yetu sasa anataka kusomea ufugaji wa kuku, na kozi ni Julai tena. Safari hii ada anayo tangu Februari, alipouza mpunga wa ghalani bei ikiwa juu. Mumewe ndiye aliyemsaidia kupakia magunia.