Mgeni hupewa jembe siku ya kwanza

Watengeneza programu huria wana namna yao ya kuendesha mikutano mikubwa kwa kujitolea. Vikundi vya wakulima na wafanyabiashara wadogo vina la kujifunza humo.

Na Mwandishi Wetu

NOVEMBA 2023 watu wapatao 200 kutoka nchi 22 walikutana Zanzibar kwa siku sita. Siku moja ilitengwa kwa ajili ya kutembelea kisiwa, lakini utalii haukuwa shabaha yao. Walikuja kuzungumzia Django, zana ya kutengenezea tovuti iliyozaliwa mwaka 2003 katika ofisi ya gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani. Tangu mwaka 2005 mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuitumia bila kulipa hata senti.

Huo ulikuwa mkutano wa kwanza wa Django kwa bara la Afrika. Uliofuata ulifanyika Arusha, Agosti 2025. Kabla ya hapo, Agosti 2018, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, na Septemba 2024 ikawa zamu ya Nairobi kupokea mkutano wa dunia wa OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kawaida.

Mfanyabiashara akisikia habari hizi huuliza maswali mawili. La kwanza, nani analipa? La pili, ikiwa wengi wa wanaohangaika na maandalizi hawapati mshahara, kwa nini kazi hailali?

Maswali hayo ni ya maana hata kwa mtu asiyewahi kugusa kompyuta. Chama cha msingi kinachoandaa siku ya wakulima au kikundi cha akina mama kinachotaka kufanya maonyesho ya bidhaa kina tatizo lile lile: watu wana moyo, ila moyo peke yake haulipi ukumbi.

Mbegu ya kugawiana

Kwanza tuelewane kuhusu programu huria. Programu nyingi huuzwa kwa masharti: unanunua, unatumia, lakini huruhusiwi kuifungua uone ilivyotengenezwa wala kumpa jirani. Programu huria ni kama mbegu ya kienyeji. Unaihifadhi, unaipanda, unamgawia mwenzako, na ukiona kasoro una ruhusa ya kuirekebisha na kuirudisha kwa wote ikiwa bora zaidi.

Wanaoirekebisha huitwa wachangiaji. Wametawanyika nchi nyingi na huwasiliana kwa intaneti mwaka mzima. Mtu anaweza kushirikiana na mwenzake miaka mitano bila kumwona uso. Ndiyo maana hukutana: ubishi uliochukua miezi kwa kuandikiana unaweza kwisha mchana mmoja watu wakiketi meza moja.

Ili kujua mambo yanavyokwenda, tuchukue mfano wa mradi wenye uzoefu wa miaka mingi, Debian. Ulianzishwa Agosti 1993 na hutoa mfumo wa kuendeshea kompyuta. Mfumo huo ndio msingi wa Ubuntu, uliotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini.

Mkutano wa Debian, unaoitwa DebConf, ulianza mwaka 2000 katika mji wa Bordeaux, Ufaransa. Tangu hapo umekuwa ukihama. Ulifika Porto Alegre nchini Brazil mwaka 2004, Managua nchini Nicaragua mwaka 2012, Cape Town mwaka 2016, Prizren nchini Kosovo mwaka 2022, Kochi nchini India mwaka 2023, Busan nchini Korea Kusini mwaka 2024, na Brest nchini Ufaransa mwaka 2025.

Wenyeji huomba

Mji haupangiwi mkutano kutoka juu. Kikundi cha wanaojitolea katika nchi fulani ndicho kinachoomba. Kinaandika ombi linaloeleza ukumbi, malazi, chakula, intaneti, usafiri, upatikanaji wa viza na makisio ya gharama. Miji inaweza kushindana, na kamati ya mkutano ikaamua.

Utaratibu huu una faida moja kubwa. Anayeomba anajua kwamba mzigo utamwangukia yeye, hivyo hakubali kwa kuona aibu tu. Ni tofauti na vikao vyetu vingi, ambapo mwenyekiti humnyooshea kidole mtu na kumwambia, "Wewe utashughulikia chakula."

Baada ya hapo kazi hugawanywa kwa timu. Iko timu ya wenyeji, timu ya kutafuta wadhamini, timu ya kuchagua mada, timu ya ruzuku za washiriki, na timu ya video. Wenyeji hubadilika kila mwaka, lakini baadhi ya timu hizo zina watu waliozoea kazi kutoka mkutano mmoja hadi mwingine. Kwa njia hiyo ujuzi haupotei mji unapobadilika.

Kufuli tatu

Wanachama wa VICOBA wanalijua sanduku lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hukaa kwa watu watatu. Fedha za DebConf zina ulinzi wa namna hiyo.

Timu inayoandaa mkutano hutengeneza bajeti. Kiongozi wa mradi wa Debian, ambaye huchaguliwa kwa kura kila mwaka, ndiye anayeidhinisha. Fedha zenyewe hukaa mahali pengine kabisa, kwa taasisi zinazoaminiwa na mradi. Mojawapo ni Software in the Public Interest, iliyosajiliwa katika jimbo la New York mwaka 1997. Taasisi hiyo hubakiza asilimia 5 ya michango ili kugharamia uendeshaji wake.

Kwa hiyo anayepanga matumizi siye anayeidhinisha, na anayeidhinisha siye anayeshika pesa. Maneno yakizuka, kuna karatasi za kuangalia.

Mapato hutoka wapi? Sehemu kubwa hutoka kwa makampuni yanayofaidika na programu hizo. Wadhamini hupangwa kwa madaraja yenye majina ya madini: platinamu, dhahabu, fedha na shaba, kulingana na kiasi anachotoa kila mmoja. Kuna pia michango ya watu binafsi. Zaidi ya hapo, mshiriki ambaye mwajiri wake anamlipia huombwa ajiandikishe kwa ada, wakati mchangiaji wa kawaida anaweza kujiandikisha bure.

Nauli ndiyo kiingilio

Neno "bure" lina mtego. Mkutano maarufu wa FOSDEM wa Brussels, Ubelgiji, ambao ulifanyika mara ya kwanza mwaka 2001, hautozi kiingilio wala hauhitaji kujiandikisha. Maelfu ya watu huingia katika chuo kikuu kimoja cha mji huo kwa siku mbili, na gharama hubebwa na wadhamini, michango na mauzo ya fulana. Kila mshiriki hujitafutia nauli na pa kulala.

Mpango huo unawafaa walio karibu. Kwa kijana wa Mbeya au Kisumu mlango uko wazi, lakini tiketi ya ndege na viza ndivyo vinavyogeuka kiingilio.

DebConf wamelijibu tatizo hilo kwa ruzuku. Mchangiaji huomba kusaidiwa chakula, malazi au nauli, na timu maalumu huangalia kazi aliyoifanya kwenye mradi na uwezo wake wa kifedha. Njia hiyo nayo ina ugumu wake. Kwa kawaida nauli hurudishwa baada ya mtu kufika na kuwasilisha risiti. Asiye na pesa ya kutanguliza anaweza kukubaliwa kwenye karatasi na bado akabaki nyumbani.

Ndiyo sababu kuhamisha mkutano kuna uzito kuliko kunavyoonekana. Mkutano ukija Cape Town, Zanzibar au Nairobi, watu wa ukanda huo hupanda basi au ndege ya safari fupi, na wengine hawahitaji viza kabisa. Ruzuku ile ile inatosha watu wengi zaidi.

Shika jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye DebConf hawangoji siku ya tatu. Aliyekuja kusikiliza anaweza kuombwa saa hiyo hiyo ashike kamera, achanganye sauti, amkaribishe mzungumzaji au akae mezani kupokea wanaofika. Kazi huwekwa kwenye orodha iliyo wazi na kila mtu hujiandika kwenye zamu anayoiweza.

Kabla ya mkutano wenyewe huwa kuna siku za kambi ambazo watu huketi kufanya kazi za mradi pamoja. Hata starehe hutengenezwa na washiriki. Tangu mkutano wa Helsinki wa mwaka 2005 kumekuwa na jioni ya jibini na mvinyo, ambapo kila mmoja huleta kitu cha kwao na meza hujaa bila mkutano kuingia gharama kubwa.

Timu ya video ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi thamani ya kujijengea uwezo. Kwa miaka mingi ilirekodi mazungumzo na kuyatoa bure. Janga la korona lilipozuia safari mwaka 2020, mkutano uliokuwa ufanyike Haifa, Israel, ulihamishiwa kwenye intaneti, na ule wa mwaka 2021 vivyo hivyo. Vifaa na watu waliozoea kazi walikuwepo tayari.

Kujitolea hakufuti dhamana

Lipo jambo moja ambalo waandaaji wengi hulisahau. Septemba 2023, wakati wa mkutano wa Kochi, mshiriki mmoja alipoteza maisha katika ajali kwenye matembezi ya siku moja. Msiba wa namna hiyo hauna bajeti inayoutosha.

Anayekusanya watu, awe analipwa au hapana, amebeba usalama wao. Kujua nani yuko wapi, hospitali ya karibu ni ipi na nani wa kupigiwa simu ni kazi ya kupangiwa mtu kwa jina, sawa na kazi ya kushika fedha.

Hatari nyingine huja polepole, nayo ni uchovu. Ukiona watu wale wale watano wanaandaa kila mwaka, jua kikundi kiko mbioni kuwapoteza. Mkutano unaohama nchi humpa mwenyeji wa jana nafasi ya kupumzika. Chama kisichohama kinaweza kupata nafuu hiyo kwa kubadilisha majukumu kila msimu.

Fursa kwa wenye maduka

Kwa mfanyabiashara mdogo, mkutano kama huu ni soko la wiki moja. Mamia ya watu wanahitaji kulala, kula, kusafirishwa na kuchapishiwa fulana. Anayelima mboga au kufuga kuku karibu na mji hana sababu ya kuwaachia mahoteli makubwa zabuni yote ya chakula.

Lakini ajiandae. Waandaaji wanalipa kwa fedha za watu wengine, mara nyingi kutoka taasisi ya nchi ya mbali. Watataka ankara mapema na risiti halali. Mwenye bei nzuri bila karatasi atapitwa na mwenye bei ya wastani aliye na vitabu safi.

Kwa vikundi vyenyewe, somo halihitaji kompyuta. Mpeni kazi aliyeiomba. Tenganisheni anayepanga, anayeidhinisha na anayeshika pesa. Mwenye uwezo alipe ili asiye nacho aweze kufika. Na mgeni akibisha hodi, mwonyesheni orodha ya zamu kabla chai haijapoa.