Kulegeza Nyuzi za Gita: Maelezo ya Jambo Lenyewe na Maneno Yake

Gita la kawaida lina nyuzi sita, na namna ya kuzikaza inajulikana karibu dunia nzima: kuanzia uzi mnene hadi uzi mwembamba, sauti zake huitwa E, A, D, G, B na E. Hata hivyo wapigaji wengi, hasa wale wapigao gita lisilotumia umeme, ambalo katika Afrika Mashariki huitwa gita kavu au galatoni, hawazikazi nyuzi zao mpaka kufikia kipimo hicho. Huzilegeza zote kwa kiasi kimoja, pengine nusu toni, pengine toni nzima, pengine hata toni mbili. Vidole hushika palepale vilipozoea, lakini wimbo hutoka kwa sauti nene zaidi.

Kwa mpigaji jambo hili ni jepesi. Kwa mtu atakaye kulieleza kwa Kiswahili si jepesi hivyo, na kwa mtafiti anayesikiliza nyimbo zilizorekodiwa laweza kuwa mtego. Kwa hiyo yafaa kulitazama kwanza kama kazi ya mikono, kisha kama kazi ya lugha.

Neno la kwanza linalomjia msemaji ni kushusha sauti. Lakini mtu akiambiwa, "Shusha sauti," hatagusa vigingi vya gita. Atapiga polepole, au atapunguza sauti ya redio. Vivyo hivyo sauti ya juu huweza kuwa sauti yenye nguvu, au sauti kama ya mtoto. Maneno juu na chini yamebeba mizigo miwili, na msikilizaji hukisia ni upi uliokusudiwa. Lakini Kiswahili kina jozi nyingine iliyo wazi zaidi. Sauti ya mzee wa kiume husemwa kuwa nene, na ya mtoto husemwa kuwa nyembamba, wala hapana anayedhani kwamba nene ni yenye kelele. Mtu aweza kunong'ona kwa sauti nene, na aweza kupiga ukelele kwa sauti nyembamba. Nguvu ya sauti ina jozi yake: kubwa na ndogo.

Jozi hiyo ya nene na nyembamba inaafikiana na ukweli wa chombo chenyewe. Sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu wake, uzito wake, na jinsi ulivyokazwa. Uzi mrefu hutetema polepole kuliko mfupi; mzito hutetema polepole kuliko mwepesi; uliolegea hutetema polepole kuliko uliokazwa. Mtetemo wa polepole ndio sauti nene. Hivyo uzi mnene hutoa sauti nene, na lugha imekwisha kusema kile ambacho hesabu huthibitisha.

Katika kipimo cha kawaida uzi wa tano, yaani A, hutetema mara 110 kwa sekunde. Ukilegezwa nusu toni hutetema karibu mara 104. Ukilegezwa toni nzima, mara 98. Ukilegezwa toni mbili, mara 87. Tofauti hizi huonekana ndogo, lakini mkazo wa uzi hupungua kwa kasi kubwa kuliko mtetemo, kwa kuwa hufuata mraba wake. Nusu toni hupunguza mkazo kwa asilimia 11. Toni nzima kwa asilimia 21 hivi. Toni mbili kwa asilimia 37. Ikiwa nyuzi sita za chuma kwa jumla huvuta shingo na ubao wa gita kwa nguvu ya ratili 160, basi kwa nusu toni nguvu hiyo hushuka hadi ratili 143 hivi, kwa toni nzima hadi 127, na kwa toni mbili hadi 101.

Kutokana na hesabu hiyo yatoka manufaa na madhara pia. Manufaa ya kwanza ni ya mwimbaji. Mtu ambaye koo lake halifikii sauti nyembamba za wimbo hahitaji kujifunza mishiko mipya. Hulegeza nyuzi, na wimbo humfuata. Manufaa ya pili ni ya vidole, kwa kuwa uzi uliolegea hukubali kubonyezwa bila kuumiza. Manufaa ya tatu ni ya chombo: gita la zamani ambalo ubao wake umeanza kuinuka hupumzishwa. Kwa sababu hii gita la nyuzi 12, ambalo mvuto wake ni mkubwa zaidi, mara nyingi huwekwa toni moja chini ya kipimo. Huddie Ledbetter wa Marekani, aliyejulikana kwa jina la Lead Belly na kufariki mwaka 1949, alipiga gita la namna hiyo likiwa limelegezwa toni mbili au zaidi, na unene wa sauti zake za chini ulikuwa alama ya upigaji wake.

Madhara nayo ni dhahiri. Uzi uliolegea huchezacheza kwa upana, na hupiga vyuma vya mkingamo vilivyo shingoni, ukatoa mlio wa kukereza. Tena shingo ya gita ambayo ndani yake mna fimbo ya chuma ya kuishindania nyuzi huweza kurudi nyuma mara mvuto upungupo, na nyuzi zikazidi kuukaribia ubao wa shingo. Mpigaji wa mkono mzito huona pia kwamba sauti huanza nyembamba kidogo kila achapapo uzi, kisha ikashuka mahali pake.

Dawa yake ni kutumia nyuzi nene zaidi. Ili mkazo ubaki uleule sauti ikishuka toni moja, unene wa uzi huongezwa kwa karibu asilimia 12. Uzi wa kwanza uliokuwa na unene wa sehemu 12 katika elfu za inchi utahitaji sehemu 13 na nusu. Lakini anayefanya hivyo amerudisha ratili zote alizoziondoa. Sauti itakuwa nene na safi, ila vidole na ubao havitapata nafuu. Haiwezekani kupata yote mawili kwa mara moja.

Katika kulegeza kwenyewe kuna utaratibu. Uzi haulegezwi mpaka kwenye sauti itakiwayo ukaachwa hapo. Hushushwa chini yake kidogo, kisha hukazwa kuipandia. Sababu ni kwamba uzi hukwama katika mfereji wa mfupa ulio mwanzoni mwa shingo, na ukiachwa katika hali ya kulegezwa utateleza baadaye wakati wa kupiga. Tena, uzi mmoja ukilegezwa shingo hupunguziwa mzigo, na nyuzi zilizosalia hukazika kidogo zenyewe. Kwa hiyo mzunguko mmoja wa vigingi hautoshi; hurudiwa mara mbili au tatu hadi nyuzi zote zipatane. Atakaye kurudi katika kipimo cha kawaida kwa wimbo mmoja tu hana haja ya kukaza: hufunga kibano penye chuma cha pili, na gita lililoshushwa toni moja hurudi lilikokuwa.

Hapa yafaa kutenga mambo mawili ambayo neno kulegeza huyachanganya. Nyuzi zote zikilegezwa kwa kiasi kimoja, uhusiano baina yao haubadiliki. Lakini huko Hawaii, ambako gita liliingia pamoja na wachungaji wa ng'ombe kutoka Mexico katika miaka ya 1830, ilizuka mitindo inayoitwa ki ho'alu, maana yake kulegeza kigingi. Katika mitindo hiyo aghalabu hulegezwa baadhi ya nyuzi tu, hata nyuzi zikipigwa wazi, bila kushikwa, zikatoa sauti zinazopatana. Hilo ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa mishiko yote hubadilika. La kwanza laweza kuitwa kulegeza kwa usawa. La pili, kubadili mpango wa nyuzi.

Wala isidhaniwe kwamba kipimo cha kawaida ni sheria ya maumbile. Ufaransa ilitoa amri mwaka 1859 kwamba sauti A iwe ya mitetemo 435 kwa sekunde. Mkutano uliofanyika London mwaka 1939 ulichagua 440, na kipimo hicho kikapendekezwa kwa mataifa yote mwaka 1955. Mpigaji wa peke yake, asiye na kinanda cha kupatana nacho, alikuwa huru kukaza nyuzi kufuata koo lake, kama vile mpiga ngoma akazavyo ngozi kwa moto bila kuuliza idadi ya mitetemo.

Uhuru huo ndio unaomhusu mtafiti wa lugha na nyimbo. Nyimbo za gita za Katanga, kama zile za Mwenda Jean Bosco alizorekodi Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, ni hazina ya Kiswahili cha Kongo kama zilivyo hazina ya muziki. Anayesikiliza nyimbo za namna hiyo ili kuandika maneno na sauti zake, akikuta gita limesikika chini ya kipimo, ana maswali mawili ya kujibu: je, mpigaji alilegeza nyuzi, au mashine inazunguka polepole? Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ikizungushwa karibu mara 73 na nusu, kila kitu hushuka nusu toni.

Zipo dalili za kutenganisha. Mashine ikiwa polepole, mwendo wa wimbo nao hupungua, na irabu za mwimbaji hunenepa hata katika maneno anayoyasema bila kuimba. Nyuzi zikiwa zimelegezwa, maneno ya kusema hubaki na sauti yake ya kawaida. Tena, uzi mnene wa gita lililokazwa kwa kipimo hauwezi kutoa sauti iliyo chini ya mitetemo 82 kwa sekunde. Ikisikika ya 73 ilhali mwendo wa mashine umehakikishwa, basi uzi huo umelegezwa toni nzima. Iwapo nyuzi nyingine zilizoachwa wazi nazo zimeshuka toni nzima, ni kulegeza kwa usawa. Iwapo hazikushuka, ni kubadili mpango.

Anayepuuza dalili hizo hukosea mara mbili. Kwanza huandika kwamba mpigaji alishika mishiko migumu ambayo hakuishika kamwe, kwa mfano ya B iliyopunguzwa nusu toni, ilhali vidole vilikuwa katika mishiko myepesi ya C. Pili, na kwa mwanalugha hili ni zito zaidi, huweza kupima irabu na mwendo wa usemi kutoka katika mashine isiyo sawa, akadhani ameipata lafudhi ya watu, kumbe amepima mwendo wa santuri.

Basi maneno yasiyo na utata yana kazi. Sauti nene na nyembamba yatumiwe kwa mitetemo. Kubwa na ndogo kwa nguvu. Kukaza na kulegeza kwa tendo la mkono juu ya kigingi. Kupatanisha kwa kuzifanya nyuzi zikubaliane. Yote haya ni maneno ya siku zote, wala hapana hata moja linalohitaji kukopwa. Kilichobaki ni kulitumia kila moja mahali pake.