Mtongwe, Kijiji Kinachoitazama Bandari



Mtu akisimama Kilindini, penye makreni na marundo ya makontena, kisha akatupa macho ng'ambo ya maji upande wa kusini, ataona ukingo wa kijani: minazi, miembe, mibuyu ya hapa na pale, na chini kabisa mikoko iliyosimama na miguu yake majini. Huko ndiko Mtongwe. Wengi wetu tumekuwa tukikiona kijiji hiki miaka na miaka bila ya kukiendea, hasa sisi wa Kisauni na Changamwe. Na jina lake tukilisikia, huwa ni kwa mambo mawili tu, kambi ya wanamaji na feri iliyozama. Tukaona si haki kijiji kujulikana kwa msiba wake na kwa lango la jeshi peke yake, nasi tukaenda kukitazama.

Njia si ndefu. Ukishavuka kwa feri ya Likoni unaelekea mkono wa kulia, ukiyaacha makelele ya soko na matatu za Ukunda nyuma yako. Kaskazini kuna mlango wa bandari. Kwa magharibi maji yanapanuka na kuwa ghuba pana ya Port Reitz, inayopokea mito mitatu kutoka bara: Mwache, Cha Shimba na Mambome. Kusini magharibi ardhi inabadilika rangi, na ndiyo maana pakaitwa Dongo Kundu, yaani udongo mwekundu. Kilindini nayo imejitaja yenyewe, kwa kuwa kilindi ni maji ya kina. Majina ya kwetu husema kweli. Hilo la Port Reitz ndilo geni, nalo limetokana na Luteni Reitz, kijana wa jeshi la majini la Kiingereza aliyeachwa Mombasa mwaka 1824, wakati Mazrui walipotaka himaya ya Waingereza dhidi ya Seyyid Said. Hakumaliza hata mwaka, homa ikamchukua, na ghuba yote ikabaki na jina lake hadi leo.

Kwa mwenye kuishi Mtongwe, saa ya kwanza ni maji. Hapa bahari hupanda na kushuka mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti baina ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Bamvua huja kwa mwezi mwandamo na kwa mwezi mpevu, na baina yake ni maji mafu. Kwa hiyo mama anayehesabu siku za mwezi wa Kiislamu kwa ajili ya funga za Ayyamul Bidh, tarehe 13, 14 na 15, anajua papo hapo kwamba pwani itakauka mbali na kwamba kuna chaza na kaa wa kutafuta. Kalenda moja inamtumikia kwa ibada na kwa kitoweo. Wanawake wa pwani hii wamezoea pia kutanda uduvi kwa kitambaa katika maji ya magoti, kazi ambayo mwanamume wa dau huidharau mpaka siku aliyorudi mikono mitupu.

Mikoko nayo, watoto wetu huiita yote kwa jina moja, na tunakiri kwamba baadhi yetu tulikuwa hivyo hivyo. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi iliyopinda kama matao. Mlilana husimama mbele kabisa, panapopigwa na mawimbi, na mafundi wa vyombo huupenda kwa mataruma. Nyuma yake kuna muia, ulionyooka, mzuri kwa boriti. Kuna mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Mchu huvumilia chumvi kuliko wengine, na mkomafi huzaa tunda la duara zito mfano wa mpira. Katikati ya mizizi hiyo ndimo kamba na samaki wachanga wanamokulia kabla ya kutoka baharini. Mwaka 2005 mafuta ya meli yalimwagika ndani ya ghuba hii na sehemu ya mikoko ikafa, na mkoko ukifa hauoti tena kwa mwaka mmoja wala miwili.

Watu wamekaa hapa tangu lini? Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mambo ya kale kutoka Japani walichimba Mtongwe wakapata zana za mawe, za watu walioishi kabla ya chuma na kabla ya jahazi la kwanza. Hayo ni ya kale mno. Yaliyo karibu nasi ni ya Wadigo, wenyeji wa upande huu wa kusini, na ya Wakilindini, mmoja katika Thelatha Taifa pamoja na Watangana na Wachangamwe. Wakilindini na Wadigo walikuwa na ahadi baina yao: nafaka na mazao ya bara yalivuka kwenda mjini, nguo na bidhaa za majahazi zikavuka kuja huku, na mmoja akivamiwa mwenziwe alimsaidia. Kuvuka maji, basi, hakukuanza na feri. Kisha mwaka 1964 likaundwa Jeshi la Wanamaji la Kenya, makao yake yakawa Mtongwe, na sehemu ya ufuo ikawa nyuma ya ua.

Sasa tufike kwenye lile ambalo hatuwezi kulipita.

Ijumaa, tarehe 29 Aprili 1994, wiki tatu kabla ya Iddi ya kuchinja, feri ya Mtongwe iliondoka asubuhi kuelekea kisiwani. Uwezo wake ulikuwa watu 300. Waliopanda walikuwa wapatao 400, wengi wao wakienda kazini na kwenye biashara zao: vibarua wa bandari, makarani, mama wenye vikapu. Haikufika mbali. Mita kama 40 tu kutoka ufuoni ilipinduka, watu wa nchi kavu wakitazama. Walifariki watu 272.

Mita 40 ni umbali wa kurusha jiwe. Hilo ndilo linalowachoma wenye kukumbuka, kwamba waliokufa walikuwa wangali mbele ya macho ya nyumbani. Siku hiyo nyumba moja ilisubiri baba, ya pili ilisubiri binti, na kukawa na nyumba zilizosubiri zaidi ya mtu mmoja. Mafundisho ya dini yetu yamemhesabu mwenye kufa maji miongoni mwa mashahidi, na kina mama wengi walijifariji kwa hilo. Lakini faraja ya akhera haimwondolei mwenye dhamana ya hapa duniani jukumu la kuhesabu vichwa kabla ya kung'oa nanga. Huduma ya feri ilisimama, ikarudi, ikasimama tena, na watu wa Mtongwe wakajifunza kuzunguka kwa Likoni, nauli juu ya nauli.

Leo kijiji kinakabiliwa na badiliko jingine, nalo linakuja kwa nchi kavu. Barabara ya Dongo Kundu imeunganisha Miritini na Pwani ya kusini kwa madaraja marefu juu ya ghuba, na serikali imetenga ekari 3,000 kuwa eneo maalumu la kiuchumi, la viwanda na bandari huru. Kazi zitakuja, inshallah, na vijana wanazihitaji. Hata hivyo swali la kila baraza ni ardhi. Pwani nzima imebeba jeraha la Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, ambayo kwayo asiyepeleka dai lake aliweza kukuta shamba la babu zake limeandikwa kuwa mali ya dola. Wengi hawakupeleka. Hawakujua, au hawakuona sababu ya kuomba kilicho chao. Vizazi vimepita, na bado zipo familia zinazoonyesha mwembe na kaburi kwa kuwa hazina karatasi ya kuonyesha. Fidia hulipwa kwa karatasi.

Kwa hiyo tunawaomba kina bibi wa Mtongwe, Mweza na Dongo Kundu wawaketishe wajukuu wawaambie: huu mkanju aliupanda nani, kisima hiki kilichimbwa wakati gani, mpaka na jirani unapita wapi. Na mjukuu aliyesoma aandike, aweke na tarehe. Wenye majina ya jamaa zao waliokufa mwaka 1994 wayaandike pia, hata kwenye jalada la daftari la shule.

Tulipoondoka jioni maji yalikuwa yakijaa, yameshafunika mizizi ya mkoko. Kina mama watatu walikuwa wakipanda ngazi ya ufuo, leso zimelowa hadi kiunoni, ndoo ya uduvi kichwani. Ng'ambo taa za makreni zilikuwa zimeshawaka, na adhana ya Magharibi ikaanza.