Aliyeko Mbeya, Kazi Iko Chuoni

Mwanafunzi wa uzamili aliyeko Mbeya ana faili za jenomu zenye GB 60 kwenye kompyuta ya chuo, Dar es Salaam. Swali la kwanza huwa ni bando: atazipakuaje? Asizipakue. Laptopu yake yenye RAM ya GB 4 isingeziweza hata zikifika. Aziache ziliko, aiendeshe ile kompyuta ya chuo akiwa sebuleni kwake. Kinachosafiri kati ya Mbeya na Dar ni herufi anazobonyeza na majibu yanayorudi. Hesabu yenyewe inafanyika kule, kwa prosesa ya kule na kwa umeme wa kule. Kazi ikiisha anavuta jedwali na grafu tu, kwa amri ya "scp", na bando halishtuki.

Chombo kinachotumika zaidi ni SSH. Kwenye Linux na Mac kipo tayari, na Windows 10 imekuwa nacho tangu 2018, kwa hiyo PuTTY, programu ya Simon Tatham iliyowafaa watu wa Windows kwa miaka mingi, si lazima tena. Unafungua dirisha la amri, lile jeusi, unaandika "ssh", jina lako la mtumiaji, alama ya @, kisha anwani ya kompyuta ya chuo. Unaulizwa nywila. Ukianza kuiandika hakionekani kitu, hata nyota. Wageni wengi hudhani kibodi imekufa, wanabonyeza upya na upya, na nywila inakataliwa. Andika kama kawaida, bonyeza Enter. Imefichwa makusudi, ili aliye nyuma yako asijue hata urefu wake.

Vyuo vingi haviziachi kompyuta hizi wazi kwa kila mtu aliye kwenye intaneti. Huenda ukatakiwa kuwasha VPN ya chuo kwanza, au kupitia seva ya langoni. Ukiona dirisha limeganda bila hata kukuuliza nywila, shuku hapo kabla ya kushuku kitu kingine.

Ukishaingia, kila herufi unayobonyeza inafungwa kwenye pakiti ya takriban baiti 100, inakwenda, na herufi ileile inarudishwa ndipo uione kwenye kioo. Ukibonyeza mara 10,000 utakuwa umetumia MB chache tu. Kinachoweza kukera ni muda wa kwenda na kurudi. Kabla nyaya za baharini hazijafika pwani yetu, SEACOM Julai 2009 na EASSy mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ishara ipande, ishuke, jibu lipande tena, lishuke: karibu nusu sekunde hata ikienda kwa kasi ya mwanga. Hebu fikiria kuandika sentensi ambayo kila herufi yake inajitokeza baada ya muda huo. Waliofanya kazi hivyo walikuwa na subira tusiyokuwa nayo sisi.

Leo kinachotusumbua ni umeme na mtandao kukatika. Programu uliyoianzisha kule imefungamana na kikao chako. Kikao kikivunjika, kwa kawaida nayo inauawa. Uchambuzi wa saa tisa unaweza kupotea saa ya nane kwa sababu ruta ya nyumbani imezimika, ingawa kompyuta ya chuo haikutetereka hata kidogo. Dawa yake inaitwa tmux. Ukiingia tu, kabla ya jambo jingine lolote, andika "tmux". Dirisha linabaki vilevile, ila chini unaongezeka mstari wa kijani. Anzisha kazi yako humo. Kisha bonyeza Ctrl na b kwa pamoja, achia, ubonyeze d: umetoka, na kazi inaendelea. Zima laptopu, ukalale. Kesho, hata ukiwa kwenye kompyuta nyingine, ingia tena uandike "tmux attach", utaikuta kazi yako ilipofikia. Kama ningeruhusiwa kufundisha amri moja tu, ningefundisha hii.

Kwenye kompyuta kubwa za pamoja, kama Lengau ya kituo cha CHPC kule Cape Town, utaratibu ni mwingine. Mashine unayofikia ukiingia ni ya mapokezi. Kazi nzito huandikishwa kwenye foleni, na foleni inaishikilia hata wewe ukitoweka. Ukiendesha uchambuzi wako hapo mapokezi, utawakwamisha wenzako wote, na msimamizi atauzima bila kukuaga.

Usalama nao una kisa chake. Mwaka 1995 mtu alipandikiza programu ya kunasa nywila kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini. Watu waliingia kompyuta za mbali kwa telnet, ambayo hupeleka kila kitu wazi, nywila ikiwemo, na nywila zilinaswa kwa maelfu. Tatu Ylönen, mtafiti wa chuo hicho, akaandika SSH inayosimba kila kinachopita, akaitoa bure Julai mwaka huohuo. Aliiombea mlango wa mtandao (port) namba 22 kwa sababu ulikuwa wazi katikati ya FTP, iliyo namba 21, na telnet, iliyo namba 23. Akakubaliwa.

Lakini kusimba peke yake hakutoshi, maana unaweza kumkabidhi mwizi nywila iliyosimbwa vizuri sana. Ndiyo sababu mara ya kwanza SSH hukusimamisha: inasema haiijui kompyuta hii, inakuonyesha alama yake ya utambulisho, inayoanza na SHA256 na kufuatiwa na herufi na tarakimu 43, kisha inauliza kama uendelee. Karibu kila mtu huandika "yes" bila kusoma. Matoleo ya OpenSSH tangu 8.0 yanakuruhusu kubandika hapo alama uliyopewa na chuo badala ya "yes", nayo yatalinganisha yenyewe. Vitengo vya TEHAMA navyo vina lawama: alama hiyo ingepaswa kuwemo kwenye barua ileile inayokupa jina la mtumiaji.

Nywila yenyewe inaweza kuachwa. Amri "ssh-keygen -t ed25519" inakutengenezea faili mbili za funguo: yenye mwisho wa .pub inapelekwa chuoni, ya pili haitoki kwenye laptopu yako, na uifunge kwa kauli ya siri, maana akaunti huibwa. Mei 2020 ARCHER, kompyuta kuu ya utafiti iliyokuwa Edinburgh, ilifungwa baada ya kuvamiwa, na nyingine za Ujerumani na Uswisi zikakumbwa wakati huohuo. Wavamizi waliingia kwa akaunti halali za watafiti zilizoibwa. Watumiaji wote wa ARCHER wakalazimika kubadili nywila na funguo.

Ipo siku utakutana na onyo kubwa lililozungushiwa alama za @, likidai utambulisho wa kompyuta ya chuo umebadilika. Mara nyingi seva imesukwa upya, basi. Ukitafuta msaada mtandaoni utaambiwa haraka ufute kumbukumbu ya zamani kwa "ssh-keygen -R" na anwani ya seva. Amri ni sahihi, ila inakuja mapema mno. Piga simu TEHAMA kwanza, uulize kama kweli wamebadilisha seva na alama mpya ni ipi. Wakikusomea na ikalingana na iliyo kwenye kioo chako, futa ya zamani uendelee.