Kazi ya Kuacha Haipo Tena

Tarehe 2 Agosti 2020, Namungo FC ya Ruangwa ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mjini Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2-1. Ulikuwa msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, na ilikuwa imemaliza katika nafasi ya nne. Kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi pia, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika, linaloandaliwa na CAF, ikaenda kwa timu ya wilaya ambayo Watanzania wengi hawakuwahi kuiona kwenye habari za michezo. Namungo ikaitoa El Hilal El Obeid ya Sudan. Ikaenda Luanda kucheza na Primeiro de Agosto, kikosi kikazuiwa kwa sababu ya vipimo vya korona, mechi haikuchezwa. CAF ikaamua michezo yote miwili ipigwe Dar es Salaam, na Namungo ikapita kwa jumla ya mabao 7-5. Kwenye makundi ilikutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikatoka bila pointi hata moja.

Msimu huohuo wa 2019/20, Ndanda ya Mtwara, iliyokuwa Ligi Kuu tangu 2014, ilishuka daraja. Kusini ilipata timu moja na kupoteza nyingine, na wengi tukaiona ile iliyopanda tu.

Namungo ilizaliwa machimboni. Jina lenyewe ni la eneo la wachimbaji wadogo wilayani Ruangwa, watu wanaoshuka shimoni asubuhi na kutafuta mpira jioni. Lakini timu iliyofika fainali haikuwa ya wachimbaji. Ilikuwa na Mrundi Bigirimana Blaise, Mghana Stephen Sey, na kocha wake alikuwa Hitimana Thierry kutoka Rwanda. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Tunapozungumzia kuacha nyumbani na marafiki ili kucheza nchi za nje, macho yetu yanakimbilia Ubelgiji na Uturuki, tunasahau kwamba kwa kijana wa Bujumbura nchi ya nje yenye mshahara ni Ruangwa. Anafika kwa mkataba wa muda mfupi, anapanga chumba, na msimu ukiisha hajui kama ataongezewa. Kanuni za Ligi Kuu zimeruhusu wageni kwa wingi, 10 kwa klabu kuanzia 2018, kisha 12, na klabu ya wilaya yenye haraka ya kubaki juu haina muda wa kumsubiri kijana wa Nachingwea, wilaya jirani, akomae.

Sasa kijana huyo wa Nachingwea anafanya nini? Hapa ndipo mporomoko ulipo, na haukuanza na wageni.

Kwa miaka mingi soka la Tanzania nje ya Simba na Yanga lilibebwa na waajiri. Reli ya Morogoro, Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi, Bandari ya Mtwara: majina yenyewe yanakwambia nani alikuwa analipa. Mchezaji alikuwa mtumishi. Aliandikwa kama karani, fundi, kuli au mlinzi, asubuhi akaonekana kazini, alasiri akaruhusiwa kwenda mazoezini, na mwisho wa mwezi akasaini mshahara dirisha moja na wenzake wasiojua kupiga danadana. Mshahara ulikuwa mdogo. Lakini goti likivunjika alibaki mfanyakazi. Umri ukimtupa aliendelea na dawati lake, na mara nyingi yeye ndiye aliyewafundisha vijana waliofuata, kwa sababu bado alikuwa palepale. Hata Lindi ilikuwa na timu yake, Kariakoo, iliyofika daraja la juu.

Katika mpangilio ule, kwenda kucheza nje kulikuwa na maana nyingine. Sunday Manara alipotoka kwenda Heracles ya Uholanzi katika miaka ya 1970, aliondoka kwenye soka lililokuwa na mizizi. Aliyefuata njia yake aliacha nafasi iliyojazwa, wenzake kazini walimchangia nauli na kumtania kwamba atarudi na suti, na akishindwa kule alikuwa na mlango wa kugonga. Kuacha kazi ni uamuzi mzito pale ambapo kazi ipo.

Mfano wa karibu zaidi na wilaya hizi mbili ni Nizar Khalfan, mzaliwa wa Mtwara. Alipita Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, Morogoro, iliyokuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1999 na 2000. Kutoka hapo alicheza Kuwait na Lebanon, na mwaka 2009 akasajiliwa na Vancouver Whitecaps ya Kanada. Timu hiyo ilipoingia ligi kuu ya Marekani mwaka 2011 alikuwamo, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi hiyo. Mwaka 2012 alikuwa amerudi Tanzania, kwenye jezi ya Yanga. Watu wakiisimulia safari hii hukaa sana Vancouver. Mimi naona sehemu muhimu ni Turiani: mtoto wa kusini ilimbidi apande basi hadi Morogoro kukuta mwajiri mwenye kiwanja, kocha na chakula cha uhakika. Na Mtibwa yenyewe ilishuka daraja mwaka 2024, ikarejea mwaka uliofuata.

Kwa nini hakumpata mwajiri huyo kusini? Historia ya Nachingwea inajibu vizuri kuliko mchambuzi yeyote wa michezo. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulileta matrekta, nyumba na reli kutoka pwani. Karanga zikashindwa, mradi ukafungwa 1951, na miaka michache baada ya Uhuru reli nayo ikang'olewa. Sehemu nyingine reli ilizaa Reli ya Morogoro. Nachingwea ilibaki na tuta.

Kisha ikaja korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000, na serikali ikajenga viwanda vya kubangua, Nachingwea ikiwemo. Viwanda vilipokuwa tayari, zao lilikuwa limeanguka. Vijiji vilikuwa vimehamishwa, mikorosho ikaachwa mbali, bei ikamkatisha mkulima tamaa, na msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Miaka ya karibuni zao limerudi kwa kishindo, limepita hata kiwango cha zamani, lakini sehemu kubwa inapelekwa Vietnam na India ikiwa ghafi. Mkulima anapata fedha za mnada, na hilo ni jambo jema. Ajira ya kiwandani ya mwaka mzima, yenye ofisa utumishi, kiwanja na bajeti ya jezi, haikurudi. Ushirika wa msingi unaokusanya korosho ghalani kwa miezi michache hauwezi kulea timu ya miezi 12.

Mfumo wa zamani umebaki hasa majeshini. JKT Tanzania, Mashujaa, Tanzania Prisons na timu za polisi bado zinaweza kumpa mchezaji namba ya ajira. Nachingwea, mji wa kambi ya jeshi, inalifahamu hilo vizuri. Mzazi wa huko akisikia mwanawe ameitwa na timu ya jeshi anachinja kuku. Akisikia kuna wakala anayetaka kumpeleka Oman kwa majaribio, anauliza maswali, na yana msingi. Pensheni ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Kijana aliyefanya kazi miaka minne ana miezi 48. Akiondoka akiwa na miaka 23, akazunguka Kuwait, Iraki na Zambia kwa miaka minane bila kuchangia kwa hiari, anarudi ana 31 na miezi 48 ileile. Nafasi aliyoiacha ina mtu. Wachache sana wanakuwa nyota kama Mbwana Samatta. Shomari Kapombe alikwenda AS Cannes ya Ufaransa mwaka 2013, na mwaka uliofuata akawa nyumbani na Azam. Haruna Moshi alikwenda Gefle ya Sweden mwaka 2010, hakukaa. Hao walikuwa wachezaji wa timu ya taifa, klabu kubwa za Dar es Salaam zikiwasubiri uwanja wa ndege. Asiye na jina hasubiriwi na mtu.

Kwa hiyo wengi wa Nachingwea na Ruangwa wanaoota kucheza nje hawaachi kazi. Wanaacha bodaboda ya mtu, kibarua cha msimu wa korosho, au shimo la Namungo ambalo huenda kesho likatoa dhahabu na huenda lisitoe. Mtu mwenye kitu cha kupoteza husoma mkataba na kuuliza kipengele cha matibabu. Asiye nacho husaini. Mawakala wa mfukoni wanalijua hili, ndiyo maana utawakuta zaidi kwenye mashindano ya mitaani ya ndondo kuliko kwenye ofisi za klabu.

Na marafiki? Hili huwa linaachwa kwenye uchambuzi kama jambo la machozi, wakati ni la hesabu pia. Timu ya mtaa inaishi kwa watu kama 20 waliokua pamoja. Wakitoka wanne kwenda Dar es Salaam kutafuta klabu, mazoezi ya pande mbili yanapwaya kwa wanaobaki. Zamani waliondoka mmoja mmoja na wakubwa walibaki kazini mjini, wakiziba mapengo kwenye mechi za jioni. Sasa wanaondoka rika zima, na hakuna kaka wa miaka 35 wa kuwaonyesha wadogo jinsi ya kukaba bila kuvunja mtu. Ruangwa wana kiwanja kizuri, Uwanja wa Majaliwa. Kiwanja hakifundishi.

Wasichana wamepita njia fupi zaidi ya hii. Aisha Masaka amefika BK Häcken ya Sweden na kisha Brighton. Opa Clement amecheza Uturuki. Julietha Singano amecheza Mexico. Soka la wanawake halikuwahi kuwa na enzi ya Reli na Bandari, kwa hiyo kwao hakuna kilichoporomoka. Kwao kwenda nje mara nyingi ndiyo mshahara wa kwanza wa maana.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na hoja yake ina uzito. Soka la Tanzania halijawahi kuwa na fedha kama sasa. Mkataba wa televisheni wa 2021 na Azam Media ulikuwa wa takriban shilingi bilioni 225 kwa miaka 10. Wachezaji wanalipwa zaidi ya karani yeyote wa bandari wa mwaka 1985, na mchezaji wa kigeni kuja Ruangwa ni dalili ya soko lililokua. Ni kweli. Ila fedha hizo zinaingia juu, kwa klabu 16 za Ligi Kuu, na katika mikoa ya Lindi na Mtwara klabu iliyobaki humo ni Namungo. Nayo ilikua chini ya kivuli cha mbunge wa Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, ambaye uwanja unabeba jina lake. Mwaka 2025 hakugombea tena ubunge, na uwaziri mkuu wake ukafikia mwisho. Klabu inayosimama kwa jina la mtu mmoja ina maisha mafupi kuliko iliyosimama kwa kiwanda, na viwanda vyenyewe tumeona vilivyokwenda.

Kuna fedha nyingine ambayo ingeweza kufika chini bila mwanasiasa. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka hadi umri wa 15, na 0.5 kwa kila mwaka kuanzia 16. Mchezaji akiuzwa nje kwa shilingi bilioni moja, klabu iliyokaa naye tangu 12 hadi 15 inastahili milioni 10. Kwa timu ya Nachingwea hizo ni mipira, viatu na posho ya kocha kwa misimu kadhaa. Sharti ni kwamba awe amesajiliwa na klabu inayotambuliwa na shirikisho. Kijana aliyecheza UMITASHUMTA ya shule za msingi, kisha UMISSETA ya sekondari, kisha ndondo, hana klabu kwenye kumbukumbu za miaka hiyo. Shule si klabu, na timu ya mtaa haina usajili. Iwapo klabu iliyomlea ilisajiliwa na baadaye ikafa, kanuni zinaruhusu shirikisho la taifa kudai sehemu hiyo kwa ajili ya soka la vijana. Kwa kijana ambaye klabu yake haikuwahi kuandikwa, hakuna wa kudai.