Kete 64 na Jioni za Barazani

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, baada ya swala ya alasiri, penye bao hujulikana kwa migongo ya watu kabla ubao wenyewe haujaonekana. Watu wanane au kumi wamewainamia wawili waliokaa barazani, na kutoka katikati yao unasikika mlio mkavu wa kete zinazodondoshwa shimoni moja baada ya nyingine. Muuza kahawa anapita na dele lake na vikombe vidogo. Anayefungwa anainuka, anampisha mwingine, na hivyo hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Mpenzi wa bao huipanga siku yake kwa saa hizo. Awe mvuvi, fundi cherehani au karani, kazi humalizwa mapema ili alasiri imkute barazani, na baraza yenyewe anaichagua kwa wachezaji wake, wala si kwa ukaribu na nyumbani. Aliyezoea kuwafunga majirani zake huanza kutembea mitaa ya mbali kutafuta wa kumfunga yeye. Hapo ndipo mtu anapoanza kuujua mchezo.

Na mchezo wenyewe ni mgumu kuliko unavyoonekana kwa mpita njia. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kila mchezaji ana safu mbili za upande wake. Kete ni 64. Pwani hutumika komwe, mbegu za kijivu za mkomwe, mmea wa miiba unaoota karibu na bahari; ni ngumu, laini kwa nje, na zinazidi kung'aa kadiri vidole vinavyozishika mwaka hadi mwaka.

Bao la Kiswahili, ambalo ndilo la mabingwa, huanza na kete chache tu ubaoni. Kila mchezaji huweka sita katika nyumba, shimo la safu ya mbele ambalo aghalabu huchongwa mraba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani kwake. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, na kila zamu moja huingizwa mchezoni. Hiyo ndiyo namua. Za mkononi zikiisha huingia mtaji, ambapo mchezaji hutembeza zile zilizokwisha kuwamo ubaoni.

Kula ni lazima pale inapowezekana. Kete ikiangukia shimo la mbele lililokuwa na kete, na shimo la mpinzani linalolikabili nalo lina kete, za mpinzani huchukuliwa zote na kusambazwa upande wa mlaji, kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Ya mwisho ikiangukia tena penye kete, safari kwa kawaida inaendelea. Ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala na zamu ni ya mwenzake. Asiyeweza kula hutakata, yaani hutembeza kete zake bila kula. Anayemaliziwa kete zote za safu ya mbele amefungwa, na kufungwa huku bado ana kete mkononi ni fedheha ambayo watani hawaisahau upesi.

Jambo moja linalitenga bao na drafti au sataranji: hakuna kinachotoka. Katika michezo hiyo kila kinacholiwa huondolewa, na hesabu hupungua kadiri mchezo unavyosonga. Katika bao kete iliyoliwa hubadili mmiliki tu. Kete zote za mkononi zikishaingia, 64 zinabaki ubaoni mpaka mwisho, kwa hiyo ugumu haupungui, na aliyeelemewa anaweza kuzirudisha zote kwa zamu moja nzuri. Zamu hiyo huenda ikazunguka mara kadhaa na kula sehemu tatu au nne, na bingwa hutakiwa kujua itakapolalia kabla hajanyanyua kete ya kwanza. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt aliwafuata mabingwa wa Zanzibar ili aelewe akili inayafikiaje mahesabu hayo. Kitabu chake, Limits of the Mind, kilitoka mwaka 1995.

Wapenzi wa michezo ya jamii hii wametapakaa mbali. Waganda wana omweso na Wanyarwanda wana igisoro, yote miwili ya mashimo 32, na Oman kuna hawalis, nayo ya safu nne. Mwalimu Julius Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, na picha zinazomwonyesha akicheza zimeenea.

Sheria zinaweza kuandikwa, lakini ubingwa hupatikana kwa kusimama nyuma ya wanaojua. Mtazamaji hukisia zamu moyoni, akaona mkono wa fundi unakwenda kwingine kabisa, akajiuliza kwa nini. Ndiyo maana baraza ina uzito zaidi kuliko ubao: ubao ukiwekwa sebuleni kama pambo haumfundishi mtu lolote. Na ndiyo maana inasikitisha kwamba baraza nyingi bado ni za wanaume peke yao. Nusu ya akili za mtaa zinakosa shule hiyo bila sababu ya maana.

Anayetaka kuanza asisubiri ubao wa mninga. Mashimo 32 yaliyochimbwa mchangani na kokoto 64 vinatosha. Aanze na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili na hakuna namua, acheze mpaka mkono uzoee, kisha aende barazani alasiri, asalimie, asimame atazame. Mchezo ukiisha, aombe kuelekezwa. Na mwenye binti anayependa hesabu amchukue, waende pamoja.