Butembo: Kitabu cha kamio au sikio la fundi?

Katika garaji za Butembo, kamio ikifika na moteri inayogonga, fundi haanzi kwa kufungua kitabu. Anatega sikio, anaangalia rangi ya moshi, anagusa mpira wa mazutu. Mara nyingi anajua tatizo kabla shofere hajamaliza kueleza. Ujuzi huo si wa kudharau, kwani kamio nyingi zinaingia nchini zikiwa zimeshatumika Ulaya, na kitabu, kama kimefika, kiko katika Kijerumani ama Kiholanzi.

Tena kilometa za kitabu si zetu. Moteri inayopanda milima ya Kivu Kaskazini kwa gia ndogo, katika vumbi, inachoka mapema. Fundi anayebadilisha mafuta ya moteri kabla ya wakati yuko sawa. Ajabu ni kwamba kitabu chenyewe kinakubaliana naye: watengenezaji wengi wanaweka ukurasa wa kazi ngumu, ambamo muda wa kubadilisha mafuta na filtri unapunguzwa. Wachache wanaufikia.

Lakini kuna mahali sikio halifiki. Buloni za kulasi, yaani kichwa cha moteri, hukazwa kwa hatua na kwa mpangilio, kwa ufunguo unaopima nguvu. Nyingine hazirudishwi mara ya pili, kwa sababu zimekwisha kuvutika. Anayekaza kwa nguvu ya mkono tu anaweza kuona kamio inaondoka vizuri, kisha inarudi ikichanganya maji na mafuta.

Halafu kuna termostati. Moteri ikichemka, wengine wanaing'oa na kuitupa. Joto linashuka, mteja anafurahi. Ila moteri inayofanya kazi ikiwa baridi inakula mazutu zaidi na inalika ndani, na radiatere iliyoziba, ambayo ndiyo ilikuwa ugonjwa, imebaki vilevile.

Kwa mwenye kamio moja, moteri iliyokufa ni biashara iliyosimama, na mara nyingi deni juu yake.

Fundi hahitaji kitabu kizima. Nguvu ya kukaza, nafasi ya valvu, aina ya mafuta: hayo yanaenea katika karatasi moja. Ukurasa unaweza kupigwa picha kwa simu, maneno yakatafsiriwa, na namba zikabandikwa ukutani, karibu na kompresa.